Nyama ngumu? Msimsingizie ng'ombe!

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimekula disko. Sijadisko (bado, teh teh). Ni asainmenti zilinibana, halafu bumu lenyewe liliisha kabla sijajua limeingia lini. Leo nimerudi, na nimerudi na hasira. Hasira yenyewe inahusu nyama. Ndiyo, nyama ya ng'ombe. Msicheke kwanza, someni.

Juzi usiku chumbani kwetu tulikuwa watu sita. Wenye chumba kihalali ni wawili, waliobaki ni wale tunaobebana nao, wanajijua. Tulikuwa tunapanga tutakula nini siku ya kumuaga mwenzetu mmoja anayemaliza mwaka huu. Mimi nikatoa wazo: tuazime oveni kwa dada mmoja aliyepanga nje ya chuo, tununue kipande kizima cha nyama ya ng'ombe, tukioke taratibu, tukikate vipande mezani kama watu wenye akili zao. Jamani, kelele zilizofuata! Mmoja akasema nyama ya Kibongo haiokwi, itatoka kama soli ya kandambili. Wa pili akasema labda tuichemshe kwanza masaa mawili ndiyo tuitie kwenye oveni "ipate rangi". Wa tatu, na huyu anasoma ualimu kama mimi, akasema tutupie panadoli tatu tu, kazi kwisha. Tukapiga kura, nikashindwa tano kwa moja. Tutakula kuku wa kisasa. Demokrasia hiyo.

Sasa kwa kuwa kura nilishindwa, hoja sijashindwa. Nasema hivi, na nitarudia hadi mnichoke: nyama ikitoka ngumu kwenye oveni, kosa si la ng'ombe. Si la oveni wala si la Bongo. Ni kosa la mpishi mwenye haraka. Tumekuwa watu wa kumlaumu marehemu, maana ng'ombe hawezi kujitetea.

Tuelewane kwanza, sizungumzii ile rosti ya kwa mama ntilie, yenye vipande vidogo na mchuzi mzito wa nyanya. Ile naiheshimu, imenilea tangu mwaka wa kwanza. Nazungumzia kipande kizima, kilo mbili au tatu, kinaingia kwenye oveni kikiwa kimoja na kinatoka kimoja.

Pili, tuseme ukweli kuhusu oveni zetu. Ingia nyumba yoyote ya mjini yenye lile jiko kubwa la plate nne, fungua mlango wa oveni. Utakuta nini? Makaango mawili, sinia la pilau, mifuniko isiyo na sufuria zake, na pengine kopo la chumvi. Oveni zetu ni makabati! Inawashwa Krismasi au siku ya bethidei, inaoka keki moja, inarudi kuwa kabati. Halafu mtu huyohuyo ndiye anakwambia oveni haiwezi nyama. Umeijaribu lini, ndugu yangu?

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili linaniuma.

Nina bibi yangu mzaa mama. Meno yake yaliyobaki yanahesabika kwa mkono mmoja, na mawili kati ya hayo hayaelewani. Kwa miaka yote ninayokumbuka, kila sikukuu, bibi anapakuliwa wali na mchuzi. Nyama hapewi. Ukiuliza, unajibiwa "bibi hapendi nyama". Nimekua nikiamini hivyo. Wote pale nyumbani tunaamini hivyo. Desemba iliyopita tukiwa kwa mama mdogo nilimkuta bibi jikoni peke yake, kashika kipande cha nyama, anakinyonya taratibu, kisha anakitoa na kukiweka pembeni ya sahani. Aliponiona akashtuka kama mwizi. Akaniambia, "Mume wangu, nyama naipenda sana, ila yenyewe ndiyo hainipendi."

Dah. Yaani mtu mzima amesingiziwa kwamba hapendi kitu anachokitamani, kwa sababu sisi wenye meno hatuna subira ya masaa manne. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "ndivyo nyama ilivyo", damu inanichemka.

Na kuna la pili, hili ni la aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa mazoezi ya kufundisha, nilipewa baiolojia kidato cha pili. Siku tunagusia protini, mtoto mmoja wa kiti cha nyuma akanyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, mbona yai ukilichemsha linazidi kuwa gumu, lakini nyama ukiichemsha sana inalainika?" Wandugu, swali hilo lingemtoa jasho hata profesa. Mimi nikafanya nini? Nikamwambia akae, tutafika huko mbele ya mada. Hatukufika. Mazoezi yakaisha, nikarudi chuo na alama yangu nzuri, na yule mtoto akabaki na swali lake.

Jibu nilikuja kulitafuta baadaye, baada ya lile la bibi, na jibu ndilo hoja yangu yote ya leo. Mule ndani ya nyama kuna vitu viwili vinavyogombana. Kuna nyuzi zenyewe za msuli, hizi ni ndugu wa yai: zikipata moto zinakaza na kujikamua maji. Ikifika nyuzijoto 60 na kitu za Sentigredi nyama inasinyaa, maji yanatoka, na ukiila muda huo ni kamba. Lakini kuna kitu cha pili, zile ngozi nyembamba na kano zinazofunga nyuzi pamoja. Hizo zimejaa protini inayoitwa kolajeni, nayo tabia yake ni kinyume. Ikikaa kwenye joto la juu ya nyuzi 70 kwa muda mrefu, kukiwa na unyevu, inayeyuka na kuwa jelatini, ule utelezi unaokuta kwenye supu ya kongoro. Jelatini ndiyo inayofanya nyama iliyoiva sana iteleze mdomoni badala ya kuwa kavu. Neno kubwa hapo ni muda. Kolajeni haiogopi moto mkali, inaogopa saa.

Mmeona sasa? Nyama inakuwa ngumu kwanza, ndiyo inalainika baadaye. Sisi tunaila katikati, pale pabaya kuliko pote, halafu tunasema ng'ombe alikuwa mzee.

Twende kwenye hoja za wapinzani wangu, moja moja.

"Ng'ombe wetu ni wa asili, anatembea sana." Kweli kabisa, silikatai. Zebu wetu mwenye nundu anatembea kutafuta majani na maji, na mara nyingi anachinjwa umri umeenda. Kolajeni ya mnyama mzima ni sugu kuliko ya ndama. Basi dawa yake ni nini? Muongezee saa moja! Mzigo ukiwa mzito unatafuta mtu wa kukusaidia, hukai chini ukautukana. Tena mkumbuke nyama yetu tunainunua ileile siku ya kuchinjwa. Mnyama akichinjwa, msuli unakakamaa ndani ya masaa machache, na unachukua siku kadhaa kwenye baridi kulegea wenyewe. Sisi tunajisifu "nyama ya leo leo", tunaibeba ikiwa bado ina joto, tunaibandika mchana huohuo. Mwenye friji inayofanya kazi ainunue siku mbili kabla. Asiye na friji asijaribu, aongeze muda jikoni.

"Nunua steki, ndiyo laini." Hapa ndipo watu wanaliwa hela zao. Mtu anakwenda buchani anakomaa apewe steki tupu, isiyo na mfupa, mafuta wala kano, analipa zaidi, anaioka masaa matatu, inatoka kama mbao. Lazima! Umenunua nyuzi tupu zisizo na kolajeni ya kuyeyuka, ukazikausha. Sarara na fileti zinataka moto wa muda mfupi. Kwa kuoka polepole kachukue bega, shingo au kidari, zile sehemu zilizofanya kazi maisha yote ya ng'ombe. Muuza bucha atakushangaa, na mara nyingi bei itakuwa chini. Mwache ashangae.

"Ichemshe kwanza." Ukiichemsha sana italainika, sibishi, kolajeni haichagui. Ila ladha yote umeiachia supu, halafu zile kamba zilizobaki ndiyo unazipeleka kwenye oveni zikakauke vizuri. Kama unataka supu, pika supu, ni chakula cha heshima. Na wale mnaofungulia gesi hadi mwisho ili maji yatokote kwa fujo: maji yanayotokota kwa fujo na yanayochemka taratibu joto lake ni lilelile, nyuzi 100 hivi. Mnachoma gesi bure.

"Kaanga nje kwanza ili kufungia maji ndani." Hili hata wasomi wakubwa walilibeba. Justus von Liebig, mkemia Mjerumani mwenye jina lake, alilieneza karne ya 19, na watu wakalimeza zaidi ya miaka mia moja. Si kweli. Nyama iliyokaangwa nje inapoteza maji kama nyingine tu. Kukaanga nje nakupenda mimi, ila ni kwa ajili ya rangi na harufu. Ule ukahawia ni mmenyuko ulioelezwa na Mfaransa Maillard mwaka 1912. Sasa kama Liebig alikosea, wewe wa Blok B ni nani usikosee?

"Paka papai bichi, weka magadi." Papai lina kimeng'enya kinachokata protini, na kwa mishkaki ya vipande vidogo nalipigia saluti, watu wa pwani wanajua wanachofanya. Lakini kwenye kilo mbili za kipande kizima linaishia juu juu: nje uji, ndani jiwe. Magadi nayo yakizidi yanaleta ladha ya sabuni, na yanaua vitamini B1.

"Tupia panadoli." Ebo! Hapa sitanii tena. Dawa ile haifi kwa kuchemka, inabaki kwenye mchuzi. Mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na ikizidi inaumiza ini. Sasa unampakulia nyama mtu ambaye hujui asubuhi kameza vingapi kwa ajili ya homa yake, au jana usiku kanywa bia ngapi, au ni mtoto mdogo, au ni bibi yangu. Kwa nini? Ili uokoe saa moja! Na mtu wa kusema hivyo ni mwalimu mtarajiwa, mwakani atasimama mbele ya watoto hamsini. Ndugu yangu, unajua nakuzungumzia wewe, na chumbani tutaendelea.

"Nyama laini ni ile mbichi ya Wazungu, ina damu." Waingereza wana nyama yao ya kuoka ya Jumapili, mara nyingi nyekundu katikati, sawa, hiyo ni yao na inatumia sehemu laini za mnyama. Marekani nako wana ile ya bega au kidari inayookwa polepole kwenye chungu kilichofunikwa, na hiyo haina hata tone la wekundu. Ninayoisemea ni kama hii ya pili. Inafika ndani nyuzi 90 na zaidi, imeiva kuliko hiyo mnayoikaanga. Mabuu ya tegu yanakufa kabla hata ya nyuzi 70. Kuiva na kulainika si maadui.

Sasa nilichofanya mimi pale kwa mama mdogo, siku mbili baada ya lile la bibi. Nilinunua kilo mbili za bega. Usiku nikaipaka chumvi kijiko kimoja na nusu cha chakula, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga, ikalala kwenye friji. Asubuhi nikatoa makaango yote kwenye oveni (mama mdogo akauliza kama nahama), nikaikaanga nyama nje ikawa kahawia pande zote. Nikaiweka kwenye sufuria nzito isiyo na mshikio wa plastiki, chini vitunguu maji vitatu na nyanya tatu, maji nusu kikombe tu. Mfuniko nikauziba pembeni kwa unga wa ngano uliokandwa, kama wanavyofanya kwenye biriani, mvuke usitoroke. Oveni nyuzi 150. Zile za gesi zenye namba ni namba 2. Nikaangalia saa.

Baada ya masaa mawili baba mdogo akanilazimisha nifungue. Nikachoma uma, uma ukagoma. Ngumu kuliko ilivyoingia! Baba mdogo akacheka mpaka akakaa chini, akasema wasomi wa siku hizi bwana, wanaiva vichwa nyama haiivi. Akataka aihamishie kwenye sufuria ya presha. Na nikiri hapa, presha ingefanya kazi. Mvuke ule unafika karibu nyuzi 120 na kolajeni inayeyuka upesi. Mwenye presha aitumie kwa amani, ugomvi wangu si naye. Lakini nilishajua kwamba pale tulipo ndipo pale pabaya pa katikati. Nikaziba upya, nikakaa na kiti mlangoni pa jiko kama askari wa geti.

Yalipotimia masaa manne uma uliingia na kutoka kama kwenye kiazi kilichoiva. Nikaiacha ipumzike dakika 25 nje ya oveni, nikaikata kwa kukatiza nyuzi, siyo kufuata nyuzi, hilo nalo lina maana yake kwa mtu asiye na meno, nyuzi zikiwa fupi hazihitaji kutafunwa sana.

Bibi alikula vipande vinne. Hakusema chochote hadi alipomaliza, akafuta mdomo kwa kanga, akaniambia, "Mume wangu, cha kesho umeniwekea?" Baba mdogo alikuwa ameshapakua mara ya tatu na hakuwa na la kusema kuhusu wasomi.

Najua mtaniambia umeme na gesi ni ghali. Ni kweli vinagharimu, sitawadanganya. Ila oveni ikishapata joto haiwaki muda wote, inazima na kuwaka yenyewe. Na ukishaiwasha, rafu ya pili weka viazi, weka na mkate. Usiokee kitu kimoja kama unaoka kwa niaba ya serikali. Asiye na oveni kabisa asilie, mama zetu wanaoka mkate wa kumimina kwa makaa kidogo chini na mengine wamepalia juu ya mfuniko. Hiyo ni oveni. Nyama inaweza kukaa humohumo, mkaa mchache, moto wa chini mdogo kuliko wa juu, na subira.

Kwa hiyo wale watano mlionishinda juzi, kuku wenu mle, nami nitakula nanyi maana nimechanga. Ila msiniambie tena "ndivyo nyama ilivyo". Sikukuu ijayo ukiwa nyumbani, angalia nani anapewa mchuzi mtupu. Muulize mwenyewe kama kweli hapendi, usiulize wanaompakulia.

Na yule mtoto wa kiti cha nyuma, barua yake nimeshaiandika kurasa mbili, ya yai na nyama, naituma shuleni kupitia mwalimu aliyenisimamia. Nimechelewa miezi saba. Afadhali hivyo.

Mwenye kupinga aweke hoja yake hapo chini, matusi weka akiba. Ngoja nikimbie, lekcha ya saa mbili naona imeshaanza na huyu mhadhiri akishafunga mlango hafungui.